Shamba la Ng'ombe Linauzwa: Safari Yetu ya Mashamba, Kolwezi

Katika nchi ya shaba vitu vingi huuzwa kando ya njia: makaa, uyoga wakati wa mvua, mahindi mabichi, samaki wakavu wa Lualaba. Lakini shamba zima la ng'ombe, pamoja na nyumba yake, maghala yake na ardhi yake, si kitu kiuzwacho kila siku. Kwa hiyo ndugu yetu mmoja wa Kolwezi, fundi wa magari, alipotuletea habari kwamba yeye na wadogo zake wanataka kununua shamba la namna hiyo, akatuomba tumsindikize kwenda kulitazama, hatukukataa. Ndugu hao walikuwa wameweka akiba kwa miaka kumi na miwili. Yale tuliyoyaona na kuyasikia huko twawaandikia leo, kwa maana yazihusu jamaa nyingi zitakazo kurudi kwenye udongo.

NJIA YA KOLWEZI

Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kilometa 300 hivi. Msafiri apita Likasi, kisha Fungurume, na pande zote mbili za njia aona vilima. Vingine vimevaa miti. Vingine viko wazi, vina nyasi fupi na maua madogo tu. Wazee wa nchi waliifahamu alama hiyo tangu kale: mahali penye shaba nyingi karibu na uso wa udongo, mti haustawi. Kwa alama hiyo walipata machimbo yao, wakayeyusha jiwe katika tanuru za udongo, wakatengeneza ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha hata katika nchi za mbali. Basi tangu mwanzo nchi hii ilikuwa na udongo wa namna mbili: udongo unaolisha watu, na udongo unaouzwa.

Tulisafiri mwishoni mwa kiangazi. Majani yalikuwa yamekwisha kuungua, na moshi ulitanda juu ya miti. Magari makubwa yaliyobeba shaba na kobalti yalikuwa yakishuka kuelekea mpaka wa Zambia, na mengine yalikuwa yakipanda na mizigo ya unga wa mahindi. Fundi aliyatazama, akasema: “Mwaona? Jiwe letu lashuka, bukari yetu yapanda. Ndiyo sababu nataka shamba.”

Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya machimbo ya Union Minière, na tangu mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne, umekuwa mji mkuu wa Jimbo la Lualaba. Si mbali na mji ndipo penye Mashamba. Msomaji alisikiaye jina hilo atafikiri habari ya mihogo na mahindi. Lakini leo mtu akitaja Mashamba huko Kolwezi, ataja mashimo makubwa mawili ya shaba na kobalti, Mashamba Mashariki na Mashamba Magharibi. Zamani za Gécamines, Mashamba na shimo la jirani yake, Dikuluwe, yaliunganishwa kwa jina moja, DIMA. Baadaye yaligawanywa: Mashamba Magharibi na Dikuluwe yalipewa kampuni ya Sicomines, iliyozaliwa katika mapatano ya mwaka 2008 baina ya Serikali na makampuni ya China; Mashamba Mashariki yakawa ya Kamoto Copper Company.

Mpita njia hawezi kusogea karibu. Kuna uzio na walinzi. Tuliona kwa mbali milima ya udongo uliotolewa chini, myekundu na ya kijivu, na vumbi likipanda juu yake. Jina la konde limebaki, lakini konde zenyewe haziko. Neno hilo tulilichukua moyoni, tusijue ya kwamba tutalihitaji kabla ya jua kuchwa.

NYUMBA, GHALA NA ZIZI

Shamba tulilokuwa tukiliendea liko mbali kidogo na mashimo hayo, juu ya uwanda wa Manika, ambao ndio uwanda wa Kolwezi pia. Nchi ya huko yapita mita 1,400 juu ya bahari. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi huwa kali hata mtu akatafuta blanketi la pili. Miti hupungua, na majani hutawala.

Penye njia panda tulikuta ubao umepigiliwa juu ya mti, umeandikwa kwa rangi nyeupe: SHAMBA LINAUZWA. NYUMBA, MAGHALA 2, ZIZI, JOSHO, NG'OMBE, MALISHO MPAKA MTONI. Tukafuata njia ya mikaratusi mpaka uani.

Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, ina baraza pana mbele na paa la mabati lililoshika kutu. Nyuma yake kuna miembe mitatu na kisima. Ghala la kwanza ni zima. Ndani mna mahindi, chumvi ya ng'ombe na majani makavu. Ghala la pili limepoteza nusu ya paa lake. Zizi ni la magogo. Karibu nalo kuna josho la saruji, yaani mfereji mrefu ambamo ng'ombe huogelea katika maji ya dawa ili kupe wafe. Ng'ombe wenyewe wapata arobaini, wengi wao wekundu, wenye nundu na pembe ndefu.

Mwenye shamba ni mzee wa miaka sabini na zaidi, aliyekuwa mfanyakazi wa Gécamines. Alitupokea barazani pamoja na mkewe, binti yao, na mwana wao mdogo aliyetoka mjini kwa ajili ya shauri hilo. Fundi alimwita Baba, na mkewe Mama, kama ilivyo desturi yetu kwa watu wa umri wao. Tulipewa maziwa ya mgando kwanza. Mambo ya bei yalingoja.

“Mwaka 2003,” alisema mzee, “wakubwa wa kampuni walituambia: anayetaka kuondoka kwa hiari yake apewe haki yake, aende. Tulikuwa zaidi ya watu 10,000 tulioondoka hivyo. Wengine walinunua magari, wengine waliweka maduka. Mimi nilinunua hapa. Sasa miguu yangu haifuati ng'ombe tena. Watoto wangu wana kazi zao. Heri niuze ningali hai, wasigombane nitakapokufa.”

Hakuna baba asiyeelewa maneno hayo. Lakini yule mwana alitikisa kichwa, akatuambia ya kwamba sisi si wa kwanza kuja. Juma lililopita watu wengine walikuja kwa gari zuri. Hawakuwatazama ng'ombe, wala hawakuingia ghalani. Walitembea mpaka kilima kilicho nyuma ya josho, wakapasua mawe kwa nyundo, wakayaweka katika mifuko. Kisha walitaja bei iliyo mara mbili ya ile aliyoitaja mzee, wakataka karatasi itiwe sahihi kabla ya mwisho wa mwezi. “Nami nasema tukubali,” alimaliza kijana. “Fedha ni fedha.” Mama yake alikuwa akimtazama bila kusema neno.

NG'OMBE WALITOKA WAPI?

Hapa yafaa tueleze kidogo mambo ya kale, maana bila hayo msomaji hataelewa kwa nini shamba kama hili liko mahali hapa.

Katanga ya kale haikuwa nchi ya ng'ombe. Katika misitu yake mna mbung'o, inzi aletaye malale kwa watu na nagana kwa wanyama. Watu walifuga mbuzi, kondoo na kuku, wakawinda porini. Lakini reli ilipofika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, maelfu ya watu walikuja kufanya kazi katika machimbo, nao walitaka nyama. Wazungu waliangalia nyanda za juu, zenye baridi na majani mengi na miti michache, mahali ambapo mbung'o hapati maskani. Huko walileta ng'ombe kutoka nchi za kusini. Wale wekundu wenye nundu waitwa Afrikander. Makampuni makubwa yaliweka makundi yao, kama Grelka katika uwanda wa Biano, ambao wapita mita 1,500. Walowezi wadogo nao walifungua mashamba yao karibu na miji ya shaba.

Basi shamba la ng'ombe na shimo la shaba ni ndugu wa nyumba moja: la kwanza lilizaliwa ili kuwalisha watu wa la pili. Kwa hiyo yafaa kuuliza sana siku ambayo mmoja wa ndugu hao ataka kummeza mwenzake.

KARATASI YA ARDHI

Baada ya chakula fundi aliomba kuona karatasi za shamba. Mzee alileta sanduku la bati, akatoa cheti cha zamani cha kuandikishwa ardhi, ramani moja iliyokunjwa, na barua ya kuuziana yenye sahihi nne.

Tukasoma. Cheti hakikuwa na jina la mzee. Kilikuwa na jina la mtu mwingine, marehemu sasa. Mzee alitueleza historia yake. Shamba lilifunguliwa na mlowezi mmoja katika miaka ya 1950. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza ya kwamba mashamba, maduka na biashara nyingine za wageni zitatwaliwa na kukabidhiwa wenyeji wa nchi. Mlowezi akaondoka, na shamba likapewa mtu mmoja wa mjini. Mashamba mengi yaliharibika wakati huo, kwa maana wengi waliopewa walichinja au kuuza mifugo bila kuacha mbegu. Hata Serikali yenyewe, kufikia mwaka 1976, ilikubali kuwarudishia wageni sehemu kubwa ya mali zao. Lakini mlowezi huyu hakurudi. Yule aliyepewa alilitunza shamba kwa kadiri yake, akapata cheti. Alipofariki, watoto wake waliliuza kwa mzee wetu mwaka 2004, kwa barua ile yenye sahihi nne.

“Nililipa mpaka senti ya mwisho,” alisema mzee. Nasi twaamini. Walakini sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema wazi mambo mawili. La kwanza, udongo ni mali ya Serikali peke yake, nayo haiwezi kuutoa kabisa. Mtu hupewa haki ya kuutumia tu. La pili, haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa. Barua ya kuuziana yaonyesha ya kwamba fedha zilipita kutoka mkono huu kwenda mkono huu. Haibadilishi jina lililo katika kitabu cha mwandikishaji wa ardhi. Kwa miaka yote hiyo mzee wetu alikaa, akafuga, akajenga upya paa la ghala, na mbele ya kitabu hicho shamba lilikuwa bado la marehemu.

Mambo haya si mageni katika nchi yetu. Tangu mwaka 1885 watawala walitangaza ya kwamba ardhi isiyokaliwa ni ya Serikali. Tangu mwaka 1900 Kamati Maalumu ya Katanga ndiyo iliyowagawia walowezi na makampuni ardhi za hapa. Mwaka 1966 sheria iliyoitwa Bakajika iliirudishia Jamhuri mamlaka juu ya ardhi na madini yote. Kila utawala ulikuja na kitabu chake, na kila mara mwananchi aliyeshika barua bila cheti ndiye aliyebaki nje ya mlango.

Fundi hakufurahi, lakini alisema kwa adabu: “Baba, sikatai ya kuwa shamba ni lako. Ila nikikulipa leo, nami nitakuwa na barua tu. Watoto wangu watakuwa na sanduku la bati kama hili.”

MALISHO YA NANI?

Kisha tulifungua ramani. Shamba lapimwa hekta 180, na pembe zake zaonyeshwa kwa nguzo za saruji. Tukaondoka kwenda kuzitafuta nguzo hizo pamoja na wachungaji wawili, wanaume wa makamo waliokaa hapo kabla ya mzee kununua. Tulitembea muda wa saa mbili. Nguzo tatu tulizipata ndani ya majani. Ya nne tuliikuta kwenye kijito kidogo, mbali sana na mto uliotajwa kwenye ubao.

“Na majani yale ya ng'ambo?” aliuliza fundi.

Mchungaji mmoja alicheka kidogo. “Yale ni ya kijiji. Kila mwaka kabla ya mvua Baba humpelekea chefu dume moja, naye huturuhusu kulisha mpaka mto. Mwaka ambao watu hulima mihogo upande ule, sisi hurudi nyuma.”

Tukavuka, tukamsalimu chefu. Naye ni mzee, mwenye kusema polepole. Alikuwa amekwisha kusikia habari za ubao. Hakukasirika, ila alisema: “Yule ni rafiki yangu, na dume lake tulilila pamoja kila mwaka. Lakini rafiki akikuazima jembe, huliuzi pamoja na nyumba yako.” Maneno hayo yalitutosha. Sheria ya mwaka 1973 iliziita ardhi za vijiji kuwa ardhi za Serikali nazo, ikaahidi ya kwamba amri ya Rais itazitengeneza haki za wenyeji. Miaka mingi ikapita pasipo amri hiyo. Kwa hiyo haki ya kijiji haina cheti, lakini ipo. Na anayenunua shamba pasipo kumwuliza chefu hununua ugomvi.

Wale wachungaji nao hawana karatasi yoyote. Kwa kawaida mzee huwapa ndama mmoja mmoja kila mwaka, pamoja na mahindi na mshahara mdogo. Watoto wao walizaliwa katika nyumba zilizo nyuma ya zizi. Hakuna neno lililoandikwa juu yao kwenye ubao, na hakuna mnunuzi aliyeuliza habari zao kabla ya siku ile.

JIWE LILILO CHINI

Jioni tuliketi ghalani, kwa sababu upepo ulikuwa baridi barazani. Taa iliwekwa juu ya pipa. Kijana alirudia maneno ya wageni wenye nyundo. “Hata kama karatasi si kamili, wao hawajali,” alisema. “Watalipa.”

Ndipo tulipomweleza yale tunayoyajua. Katika Jamhuri yetu madini ni mali ya Serikali, na haki ya kuyachimba ni mbali na haki ya kukaa juu ya ardhi. Kanuni ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yasema hivyo. Mwenye shamba hana jiwe lililo chini yake. Hata akiuza shamba hawezi kuliuza jiwe. Lakini pia mwenye hati ya kuchimba hawezi kumfukuza mwenye shamba kama kuku. Kanuni ile ya 2002 ilikataza kukalia ardhi iliyo chini ya mita 180 kutoka nyumba ya watu, au chini ya mita 90 kutoka shamba lenye ng'ombe, bila ridhaa ya mwenyewe. Na penye kumnyima mtu matumizi ya udongo wake, iliamuru alipwe thamani ya ardhi hiyo pamoja na nusu ya thamani juu yake.

“Basi fikiri,” alisema fundi akimgeukia kijana. “Kwa nini mtu asiyetaka ng'ombe anunue shamba kwa haraka hivi? Labda ajua ya kwamba mchimbaji atakuja, naye ataka awe yeye atakayelipwa fidia. Ama labda ataka kuchimba usiku bila hati. Kwa njia zote mbili, wewe utakuwa umeuza, na jina lako litabaki kwenye barua.”

Kijana alinyamaza. Mama yake ndiye aliyesema sasa, na ilikuwa mara ya kwanza tangu maziwa. “Mimi sitatia sahihi ya watu wa nyundo. Nimeishi katika nyumba hii miaka yote, na josho hili nilishika ndoo za saruji likitengenezwa. Je, hawahitaji sahihi yangu?”

Waihitaji. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yataka mume na mke wapatane kabla ya kutoa haki ya ardhi iliyoandikishwa. Na kama mume akifariki, sheria hiyo humpa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi, pamoja na matumizi ya nusu ya ardhi iliyoshikamana nayo, ingawa watoto ndio warithi wa kwanza. Mababa wengi hawalijui jambo hili, na wamama wengi hawaambiwi. Mzee mwenyewe alikiri kwamba hakulijua. Alimtazama mkewe, akasema taratibu, “Basi tuanze upya.”

SHAURI LA GHALANI

Usiku ule walipatana mambo manne, nasi tulikuwa mashahidi.

Kwanza, ng'ombe ni wa mzee pasipo shaka yoyote. Hao aweza kuwauza. Fundi atanunua mitamba kumi kwa sehemu ya akiba ya ndugu zake, baada ya daktari wa mifugo kuwapima, hasa ugonjwa wa kutupa mimba, na kuangalia kupe na meno yao. Mitamba hao watabaki katika zizi lile lile, wakiwa na alama yao.

Pili, mzee atawatafuta wale watoto wa marehemu waliotia sahihi mwaka 2004, waende pamoja kwa mwandikishaji wa ardhi ili urithi wao uandikwe kwanza, kisha jina la mzee na la mkewe liingie. Kazi hiyo yadai miezi mingi na fedha, na fundi alikubali kungoja. Mali ya miaka kumi na miwili haifai kutupwa kwa sababu ya miezi kumi na miwili.

Tatu, wote wawili watakwenda kwa chefu, muuzaji na mnunuzi pamoja, ili mapatano ya malisho yasemwe mbele ya wazee wa kijiji na kuandikwa. Malisho ya ng'ambo hayatatiwa katika bei.

Nne, wachungaji watatajwa katika mapatano: nyumba zao, ndama zao na mshahara wao. Mama ndiye aliyelisisitiza jambo hili.

Na bei? Ilishuka kidogo, kwa kuwa shamba lenyewe lilikuwa limepungua: si mpaka mtoni tena, bali hekta 180 mpaka kijito. Kijana aliona mapunguo hayo kuwa hasara. Baba yake alimjibu: “Nilichopunguza si changu. Kilichobaki ndicho changu, nacho naweza kukuachia ama kukiuza nikilala usingizi.”

Hatusemi ya kwamba mambo yote yalikwisha vizuri siku ile. Watu wa nyundo wangeweza kurudi na fedha nyingi zaidi, na fedha zina sauti kubwa katika mji wa shaba. Ofisi zina foleni zake. Mzee ana miaka yake. Lakini ilikuwa afadhali kuliko karatasi ya haraka.

Ndugu wasomaji, wengi wenu mna shamba mlilolirithi, au mwatamani kununua moja mtakapoacha kazi. Tafadhali, kabla ya kuuza au kununua, tenganisheni vitu hivi kama mtu atenganishavyo mbegu na makapi: wanyama ni wa nani, kuta na paa ni za nani, haki ya udongo iko kwa jina la nani, majani ya ng'ambo ni ya nani, na jiwe la chini ni la nani. Mtu akiviuza vyote kwa neno moja, “shamba langu,” atauza pamoja na vyake vitu vya jirani, vya mkewe na vya Serikali, na deni hilo litawafuata watoto wake. Kule Mashamba jina limebaki juu ya shimo. Yafaa mahali pengine libaki juu ya shamba.

Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha tulipopita tena njia panda ile. Majani yalikuwa yameota, na ng'ombe wekundu walionekana mbali karibu na kijito, mitamba kumi wakiwa na alama mpya sikioni. Ubao ulikuwa bado juu ya mti. Neno LINAUZWA halikuguswa, lakini mtu alikuwa amepaka rangi nyeusi juu ya maneno MALISHO MPAKA MTONI, na chini yake ameandika kwa herufi ndogo: ULIZA KWANZA KWA MAMA.